Nyeupe Ipi

Fomu ya manispaa ina visanduku arobaini na viwili.
Cha tisa kinasema: Mtoto anataja rangi sita.
Torunn anainua karatasi nyeupe.
"Mihkkal, hii ni rangi gani?"
Mihkkal ana miaka minne na kamasi puani.
Anaikodolea karatasi
kama mtu aliyetegwa kwa swali,
kisha anauliza naye:
"Theluji ya lini?"

Torunn anaandika: bado.

Ni Februari, Karasjok. Jua limerudi juzijuzi,
linachungulia juu ya miti mifupi kama mdaiwa,
likiona watu linaondoka.
Jumanne na Alhamisi huja Ravdna,
mchungaji wa kulungu wa kaskazini
aliyestaafishwa na goti.
Bajeti ya chekechea haina mtu kama yeye,
kwa hiyo ujira wake umeandikwa chini ya
"vifaa vya michezo".
Mwenyewe hucheka: mimi na bembea, fungu letu moja.

Hafundishi. Hilo ndilo linalomkera Torunn.
Anaketi juu ya ngozi, anachonga kijiti,
na watoto wanamjia mmoja mmoja, bila kuitwa,
jinsi moshi unavyomfuata aliyekaa karibu na moto.
Leo amechomoa kisu kifupi, kisu hasa, chenye makali,
amekigeuza mpini mbele,
amempa Mihkkal.

Sisi husema, mtoto akililia wembe, mpe,
ila husema tumekasirika,
dunia imfunze, nasi tupate kusema si nilikwambia.
Ravdna ametoa bila kuliliwa.
Wala hakugeuza uso.

Mkono wa Torunn umekwisha kunyooka hewani.
Unabaki huko huko.
Maganda yanadondoka, membamba, yakijikunja.
Halafu kidole gumba: tone moja.
Mihkkal analitazama, analiramba,
anabadili namna ya kushika,
anaendelea.
Fomu haina kisanduku cha hilo.

Mchana wanatoka kutafuta theluji ya kahawa.
Torunn, mwenye cheti cha miaka mitatu ya Tromsø,
anajaza birika theluji ya juu, laini, safi kama pamba.
Mihkkal anatikisa kichwa.
"Hiyo hewa tu. Utachemsha mpaka kesho."
Anapiga magoti, anafukua,
mkono unazama hadi begani,
unatoka na punje nzito, zinazong'aa,
zinazomwagika katikati ya vidole.
"Seaŋáš," anasema.

Kiswahili changu kina theluji moja, nayo ya kuazima,
kwa hiyo neno hilo naliacha lilivyo.

Lakini Torunn amekaa chini, pale pale, kwenye baridi.
Bibi yake, kule pwani,
alirudi kutoka shule ya bweni
na Kinorwe kilichonyooka, na kinywa kizito.
Nyumbani kwao lugha ilifichwa wageni wakija,
kama ndoo ya usiku.
Ila jioni, wakiwa wawili tu,
bibi alimmiminia sukari kiganjani
na kumnong'oneza hilo neno.
Miaka thelathini Torunn ameamini
ni neno la kubembelezea watoto, lisilo na kwao.

"Rudia," anamwambia Mihkkal.
Anarudia.
"Tena."
Mtoto anamtazama kwa huruma
ya mwalimu mwenye mwanafunzi mzito,
anamwekea punje kiganjani,
anangoja.

Kahawa ilichemka upesi. Ravdna alikunywa vikombe viwili,
akauliza nani amemaliza biskuti.

Ijumaa fomu ilirudi manispaa,
kisanduku cha tisa kikiwa wazi,
na pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa haraka:
Tafadhali fafanueni. Nyeupe ipi?